Nani Amngoje Nani: Historia ya Usafirishaji wa Data kati ya Prosesa na Vifaa vya Pembeni

Tangu enzi ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, prosesa imekuwa na kasi kubwa mno kuliko vifaa vinavyoiletea data na kupokea majibu yake. ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani Philadelphia Februari 1946, iliweza kujumlisha mara 5,000 kwa sekunde, lakini mashine yake ya kusoma kadi za matundu haikupitisha hata kadi tatu kwa muda huohuo. Pengo la namna hiyo limedumu. Kibodi hungoja kidole cha mtu, printa hungoja karatasi isogee, diski hungoja sahani izunguke, na muda huo wote prosesa ingeweza kukamilisha maelfu au mamilioni ya hesabu. Njia zilizobuniwa kwa zaidi ya miaka 70 kupitisha data kati ya pande hizi mbili zote zinajibu swali moja: nani amngoje nani, na kazi ya kuhamisha data apewe nani.

Prosesa inapofanya yote

Katika njia ya kwanza, kila kitu kilifanywa na prosesa. Programu iliamuru kifaa kianze kazi, kisha ikaendelea kukagua hali yake mpaka kiwe tayari. Kikiwa tayari, prosesa ilichukua neno moja la data, ikaliweka kwenye kumbukumbu, ikarudi kukagua tena. Kwenye IBM 704 ya mwaka 1954, programu iliyosoma utepe wa sumaku ilipaswa kutoa amri ya kunakili kwa kila neno la biti 36, tena kwa wakati wake, kwa kuwa utepe haukusimama kumsubiri mtu. Waliotaka kuongeza hesabu nyingine katikati ya usomaji walilazimika kupima muda wa kila amri.

UNIVAC I, iliyokabidhiwa kwa Idara ya Sensa ya Marekani mwaka 1951, ilikuwa imeshapunguza tatizo hili kwa bafa, yaani sehemu ndogo ya kumbukumbu inayokaa kati ya kifaa na prosesa. Bafa yake ya kuingizia data ilibeba maneno 60, sawa na herufi 720. Utepe ulijaza bafa huku prosesa ikiendelea na hesabu za fungu lililotangulia, kisha fungu zima likahamishwa kwa mkupuo. Bafa ilitenganisha mwendo wa pande mbili, na hadi leo hakuna kifaa cha maana kinachofanya kazi bila kitu cha aina hiyo.

Kikatizo

Bafa haikumaliza tatizo la kukagua. Prosesa bado ilipaswa kuuliza kama kifaa kimemaliza, na kuuliza huko kuligharimu muda hata pale ambapo jibu lilikuwa bado. Ufumbuzi ulikuwa kugeuza mwelekeo wa taarifa: badala ya mwenye nyumba kwenda mlangoni kila dakika kuangalia kama mgeni amefika, mgeni apige hodi. Ishara hiyo ndiyo kikatizo. Inapofika, prosesa huhifadhi mahali ilipoishia, huruka kwenye sehemu ya programu iliyoandaliwa kwa ajili ya kifaa husika, kisha hurudi kuendelea na kazi yake ya awali.

Miongoni mwa mashine za mwanzo kutumia vikatizo kwa ajili ya vifaa vya pembeni ni DYSEAC ya mwaka 1954, iliyojengwa na taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani na kufungwa ndani ya trela ili iweze kusafirishwa. Ilikuwa na vihesabio viwili vya amri, na ishara kutoka nje iliifanya ihame kutoka kimoja kwenda kingine. Mwaka 1956 ikaja UNIVAC 1103A, iliyotumika Cleveland kupokea vipimo kutoka kwenye mahandaki ya majaribio ya upepo. Vipimo vilipofika vilishughulikiwa mara moja, na muda uliobaki ulitumiwa kwa hesabu za kawaida.

Faida hiyo ilikuja na ugumu mpya. Huko Amsterdam, Bram Loopstra na Carel Scholten walipopendekeza kikatizo kwa ajili ya kompyuta ya Electrologica X1, Edsger Dijkstra, aliyepaswa kuandika programu zake za msingi, aliingiwa na hofu. Kikatizo huja wakati wowote, kwa hiyo programu ileile ikiendeshwa mara mbili haipiti kwenye mfuatano uleule wa matukio, na kosa lililotokea leo huenda lisijirudie kesho likachunguzwa. Mwishowe alikubali, na tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1959 ilihusu namna ya kuziandika programu hizo kwa usalama. Hofu ile ilimsukuma pia kuelekea kwenye kazi yake kubwa ya baadaye kuhusu michakato inayokwenda sambamba.

Kumwachia mwingine kazi ya kuhamisha

Kikatizo kiliiondolea prosesa kuuliza, lakini hakikuiondolea kuhamisha. Kama kila neno la diski lingeleta kikatizo chake, prosesa ingetumia muda mwingi kuhifadhi na kurejesha hali yake kuliko kufanya hesabu. Hatua iliyofuata ilikuwa kukiruhusu kifaa kiandike chenyewe kwenye kumbukumbu. Mfumo wa SAGE wa ulinzi wa anga wa Marekani, ulioanza kazi mwaka 1958, ulifanya hivyo: kifaa kilipokuwa na neno tayari, prosesa ilisita kwa mzunguko mmoja wa kumbukumbu, neno likaingia, na hesabu zikaendelea bila programu kujua kilichopita. Utaratibu huu ndio unaojulikana leo kwa herufi DMA. Prosesa hutaja tu anwani ya kuanzia, idadi ya maneno na upande wa safari; kikatizo kimoja huja mwishoni, fungu zima likiwa limekwisha kuhama.

IBM iliendeleza wazo hilo kwa chaneli za IBM 709, mashine iliyoanza kufikishwa kwa wateja mwaka 1958. Chaneli ilikuwa prosesa ndogo yenye orodha yake ya amri. Ilipofika System/360, iliyotangazwa tarehe 7 Aprili 1964, chaneli zilikuwa za aina mbili: moja iliyochanganya baiti za vifaa vingi vya polepole, kama printa na visoma kadi, na nyingine iliyokitumikia kifaa kimoja chenye kasi kwa wakati mmoja. Jambo kubwa zaidi lilikuwa kwamba viungio vyake vilikuwa vya aina moja kwa kompyuta zote za familia hiyo. Kampuni nyingine ziligundua kuwa zinaweza kutengeneza diski na mashine za utepe zinazochomekwa palepale pa zile za IBM, na soko la vifaa vya pembeni likapata uhai wake lenyewe. Mwaka huohuo wa 1964 CDC 6600 ya Seymour Cray ilikwenda mbali zaidi: ilikuwa na prosesa 10 za pembeni kwa ajili ya kuingiza na kutoa data, ili ile kuu ibaki na hesabu tu.

Njia moja kwa wote

Chaneli zilikuwa ghali. Kompyuta ndogo za miaka ya 1960 na 1970 zilihitaji kitu chepesi, na jibu lililoacha alama kubwa lilitoka kampuni ya DEC mwaka 1970, pamoja na PDP-11. Prosesa, kumbukumbu na vifaa vyote viliunganishwa kwenye njia kuu moja iliyoitwa Unibus, yenye nyaya 56. Rejista za vifaa zilipewa anwani kama sehemu nyingine za kumbukumbu, hivyo amri ileile iliyohamisha neno kutoka kumbukumbu iliweza kulipeleka kwenye printa. Kifaa chochote kiliweza kuomba kuitawala njia, kikafanya DMA, kisha kikaiachia. Kilipokatiza, chenyewe kilitaja mahali ilipo programu ya kukihudumia, na prosesa haikuhitaji kuvizungukia vifaa kumtafuta aliyeita.

Kompyuta binafsi ya IBM, iliyotoka Agosti 1981, ilirithi mawazo hayo katika umbo la bei nafuu. Ilikuwa na nafasi tano za kuchomeka kadi, chipu moja ya kupanga vikatizo vinane, na nyingine yenye chaneli nne za DMA. IBM ilichapisha maelezo ya kiufundi, na watengenezaji wengi wakaanza kuuza kadi. Kwa kuwa vikatizo vilikuwa vichache na kila kadi ilipangiwa chake kwa swichi ndogo za mkono, kadi mbili zilizogombea namba moja ziliweza kuikwamisha mashine nzima. Muundo wa PC/AT wa mwaka 1984 uliongeza vikatizo, lakini diski yake kuu iliirudishia prosesa kazi ya kuhamisha data, kwa sababu prosesa mpya ya 80286 ilifanya hivyo haraka kuliko chipu ya DMA iliyozeeka. Uamuzi huo unaonyesha kwamba jibu sahihi la leo linaweza kubatilishwa mara tu uwiano wa kasi unapobadilika.

PCI, iliyoletwa na Intel mwaka 1992, ilikomesha sehemu kubwa ya ugomvi huo. Kila kadi ilijieleza kwa programu ni ya aina gani na inahitaji nini, kisha ikapangiwa anwani na kikatizo bila mtu kugusa swichi. Ilibeba biti 32 kwa mapigo milioni 33 kwa sekunde, yaani megabaiti 133 hivi.

Kutoka nyaya nyingi hadi chache

Nje ya sanduku, kila kifaa kilikuwa na kiungio chake: kibodi hiki, printa kile, modemu kingine. USB 1.0, iliyotolewa Januari 1996 na muungano wa kampuni saba, iliviunganisha katika kimoja kinachoweza kuhudumia hadi vifaa 127, kwa kasi ya megabiti 1.5 au 12 kwa sekunde. Ili vifaa viwe rahisi na vya bei ndogo, wabunifu wake waliurudia utaratibu wa zamani wa kuuliza: kifaa hakisemi mpaka kiulizwe. Tofauti ni kwamba anayeuliza si prosesa kuu bali chipu ya kidhibiti, ambayo huhamisha data kwa DMA na kuleta kikatizo panapokuwa na habari.

Ndani ya sanduku nako nyaya nyingi sambamba zilifikia kikomo, kwani mapigo yanapozidi kasi, biti zilizotoka pamoja hazifiki pamoja. PCI Express ya mwaka 2003 ilituma biti moja nyuma ya nyingine kwenye njia zilizojitegemea, kila njia ikibeba megabaiti 250 kwa sekunde kila upande. Kikatizo chenyewe kikawa ujumbe unaoandikwa kwenye anwani maalumu badala ya waya wake pekee.

Kuuliza kunaporudi

Kadiri vifaa vilivyoongeza kasi, kikatizo kilianza kuwa mzigo. Mwaka 1996 Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walieleza jinsi kompyuta inayopokea vifurushi vingi vya mtandao inavyoweza kushughulikia vikatizo tu na isimalize kazi yoyote. Pendekezo lao, ambalo mfumo wa Linux uliufuata mkondo wake baadaye, ni kikatizo cha kwanza kifungue mlango, kisha vikatizo vizimwe na prosesa iulize yenyewe mpaka foleni iishe.

Diski zisizo na sehemu zinazozunguka zilileta hali hiyohiyo kwenye uhifadhi. Kanuni za NVMe, zilizotolewa mwaka 2011, huweka foleni za amri ndani ya kumbukumbu, hadi zaidi ya 65,000, ili kila kiini cha prosesa kiwe na yake bila kugombana na vingine. Pale diski inapojibu haraka kuliko gharama ya kuhifadhi na kurejesha hali ya prosesa, Linux huweza kuuliza moja kwa moja badala ya kungoja kikatizo.

Kwa hiyo hakuna njia iliyokufa. Katika kompyuta moja ya leo, kibodi huulizwa na kidhibiti cha USB, kikatizo huitaarifu prosesa kwamba herufi imefika, DMA huhamisha picha na mafaili, na foleni zenye shughuli nyingi hukaguliwa na prosesa yenyewe. Kinachoamua ni ulinganisho uleule uliowakabili wajenzi wa UNIVAC na SAGE: gharama ya kungoja, gharama ya kukatizwa, na gharama ya kumkabidhi mwingine kazi.