Datsun 240Z: Bingwa wa Safari aliyeokolewa na gereji ndogo

Kila Safari Rally inapofika, Naivasha hujaa vumbi, mahema na vijana wanaoshangilia magari mapya ya Toyota na Hyundai. Wazee wanaokaa nao kando ya barabara hupenda kulisimulia gari jingine kabisa. Ni Datsun 240Z, lile jekundu lenye boneti nyeusi, ambalo aina yake ilitwaa ushindi wa mbio hizi mara mbili, 1971 na 1973. Lile lenyewe lililoshinda 1971 halipo Kenya, Uganda wala Tanzania, nchi ambazo mbio za enzi hizo zilizunguka. Limehifadhiwa Zama, Japani, katika mkusanyiko wa kampuni ya Nissan. Ndugu zake waliobaki kwetu, wengi wao wamefunikwa turubai nyuma ya nyumba za watu, kuku wakitagia kwenye viti.

Hili linanikera, na si mimi peke yangu. Mtu aliyenifumbua macho kuhusu historia ya magari haya ni fundi mmoja wa bodi jijini Nairobi, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinunua magari ya zamani ya mbio na ya starehe, kuyavuta kutoka mashambani, kuyafufua na kuyauza. Ameomba nisimtaje jina kwa sababu bado anazungumza bei na wenye magari mawili. Nimemsikiliza yeye zaidi kuliko vitabu, na katika maoni yake mengi nakubaliana naye.

Historia inayojulikana ni fupi. Nissan ilizindua gari hili mwaka 1969. Kule Marekani lilianza kuuzwa kwa dola 3,526, bei ambayo mwalimu au karani angeweza kuifikia, wakati magari ya Ulaya yenye kasi kama hiyo yalikuwa ya matajiri. Injini yake ilikuwa ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, na kabureta mbili. Aliyelipigania ni Yutaka Katayama, mkuu wa Nissan huko Marekani, ambaye hakutaka kabisa liuzwe kwa jina la Fairlady lililotumika Japani. Likaitwa 240Z. Hadi umbo hilo la kwanza lilipoachwa kutengenezwa mwaka 1978, pamoja na wadogo zake 260Z na 280Z, yalikuwa yametoka zaidi ya magari 500,000.

Afrika Mashariki ndiko lilikothibitisha uanaume wake. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, alishinda Safari kwa Datsun 1600 SSS, na mwaka uliofuata akarudia kwa 240Z akiwa na Hans Schüller. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, alikuja wa pili kwa gari kama hilohilo. Mwaka 1972 ushindi ulichukuliwa na Hannu Mikkola na Ford Escort yake. Kisha ukaja 1973, mwaka ambao Safari iliingizwa katika ubingwa wa dunia ulioanza msimu huo. Mehta, ambaye jamii yake ilikuwa imetoka tu kufukuzwa Uganda na Idi Amin, alimaliza akiwa sawa kwa pointi na Msweidi Harry Källström, naye pia akiendesha Datsun. Ikabidi waamuzi waangalie ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kukatwa pointi ya kwanza. Wakampa Mehta. Alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, lakini si kwa Z tena.

Baada ya hapo gari likazeeka. Bati lake lilikuwa jembamba, na kinga ya kutu ya wakati ule haikuwa kitu. Marekani, kwenye majimbo yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, sakafu zilitoboka kabla ya injini kuchoka. Bei ikaporomoka, wanafunzi wakayanunua, wakayagonga, wakayatelekeza. Hapo ndipo zilipochipuka gereji ndogondogo za California, kwenye hewa kavu, ambazo mwenyewe na mafundi wake wawili au watatu walikula, wakalala na kuamka na gari hili moja tu. Walinunua yaliyokufa, wakayabeba, wakavua spea za haya na kuyavisha yale, na jina likabaki hai huku kiwanda kikiwa kimeshasahau.

Kilichofuata ndicho kisa ambacho fundi wangu hupenda kukisimulia kuliko ushindi wote wa Mehta, na baada ya kukifuatilia naona ana haki.

Mwaka 1996 Nissan iliacha kuuza 300ZX, kizazi cha baadaye cha Z, nchini Marekani. Gari hilo lilikuwa limepanda bei mno na wanunuzi wamelikimbia. Maduka ya Nissan yakajikuta hayana Z hata moja, na jipya halikuwa karibu. 350Z lingefika mwaka 2002. Ofisi ya Nissan ya Marekani ikapata wazo ambalo kampuni kubwa huwa haipati: tuyanunue yale ya zamani, tuyafufue yawe kama yaliyotoka kiwandani, tuyauze madukani mwetu pamoja na dhamana. Yakaitwa Vintage Z. Mpango ulikuwa magari kama 200, ya miaka ya 1970 hadi 1972, kwa bei ya karibu dola 25,000 kila moja.

Nani angeyafufua? Si kiwanda. Mitambo ya kufinyangia bati za gari lile ilishaondolewa, na wahandisi walishastaafu au kuhamia kazi nyingine. Ilibidi kampuni yenye viwanda kila bara ikabishe hodi kwa hao mafundi wadogo wa California, mathalani Pierre'Z wa Hawthorne, ikawaombe wafanye kwa niaba yake. Magari yakavuliwa hadi bati tupu, yakapakwa rangi upya, injini zikafunguliwa zote, viti vikashonwa upya.

Hesabu ndizo zilizokataa. Huwezi kuzungumza bei ya gari la miaka 26 kabla halijavuliwa rangi. Ulilonunua ukidhani lina kutu kwenye kona moja ya mlango, ukilisafisha unakuta mihimili ya chini imekwisha. Saa za kazi zinaongezeka, na bei ya kuuzia imeshatangazwa kwenye magazeti. Kampuni ikawa inatumia kwa gari moja fedha nyingi kuliko ilizorudishiwa na mnunuzi. Kufikia 1998 mradi ukafungwa, magari yakiwa hayajafika hata 50 kati ya yale 200.

Hapa fundi wangu huchangamka. Kwake yeye, Nissan haikushindwa kazi, ilishindwa subira. Mwenye gereji ndogo hamuahidi mtu bei kabla ya kuliona bati. Akikwama analifunika gari, anafanya lingine, anasubiri mlango au taa ipatikane, hata mwaka. Kampuni haiwezi kufunika kitu turubai na kusubiri, kwa sababu kuna mtu anayesubiri ripoti ya miezi mitatu. Mimi naongeza kwamba mradi ule, pamoja na hasara yake, uliwapa mafundi wale heshima ambayo hawakuwa nayo. Aliyekuwa akiitwa mkusanya vyuma chakavu sasa alikuwa na barua ya kampuni ukutani.

Nilimwomba anionyeshe anavyonunua. Tulikwenda kuliangalia gari moja nje ya mji. Hakufungua boneti. Alilala chini na tochi, akaanza kugonga sakafu kwa kipini cha bisibisi, hatua kwa hatua. Bati zima hulia. Lililoliwa hutoa sauti butu, na mahali pawili bisibisi ilizama yenyewe. Kisha akatoa sumaku iliyofungwa kitambaa akaipitisha kwenye matao ya magurudumu ya nyuma. Iliposhika ni bati, ilipoteleza ni puti. Alikwenda moja kwa moja chini ya betri, mahali ambapo asidi hudondoka miaka nenda miaka rudi, halafu kwenye ukingo wa chini wa mlango wa nyuma ambapo maji hutuama. Injini aliiangalia mwisho, dakika chache tu. Injini za aina ile, aliniambia, zinafufuka. Bodi ikifa umenunua namba ya gari tu.

Kulivuta nako ni elimu. Gari lililosimama miaka mingi breki zake huwa zimeshikana na magurudumu hayazunguki. Asiyejua hufunga mnyororo kwenye bampa na kuamuru winchi ivute. Bampa hung'oka, mihimili iliyooza hupinda, na faida yote imekwisha kabla ya kufika barabara ya lami. Yeye hutangulia siku moja, akalegeza kalipa za mbele na kufungua ngoma za nyuma, akavika magurudumu ya kuazima yenye upepo, ndipo lori la kubebea magari likaitwa. Mkanda hufungwa kwenye mikono ya saspensheni, kamwe si kwenye bodi. Karakanani, kila nati inaingia kwenye kopo lenye maandishi, na hakuna kinachofunguliwa kabla hakijapigwa picha.

Ufundi huo tunao, tena mwingi. Kijana wa jua kali aliyezoea kunyoosha matatu iliyopinduka anaweza kukata kipande cha bati na kukichomelea hadi usione mshono. Kinachokosekana ni mteja anayethamini kazi hiyo na taasisi inayoona kwamba gari ni sehemu ya historia. Sheria ya Kenya inazuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 8, na nia yake ni njema, lakini maana yake ni kwamba yale ya zamani yaliyoko ndiyo akiba tuliyo nayo. Kila moja linalokatwa na kuuzwa kwa kilo limepunguza akiba hiyo, na lingine linapandishwa meli kwenda kwa anayelijua thamani.

Thamani hiyo haikuwa siri hata kidogo. Januari 2020, 240Z moja ya 1971 ambayo haikuwa imetembea sana iliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni huko Marekani kwa dola 310,000. Tangu 2003 mbio za East African Safari Classic huleta magari ya zamani kupita Kenya na Tanzania, na Porsche 911 nyingi zinazoshiriki hutayarishwa Uingereza na gereji ya Tuthill, biashara ya familia, kisha zinasafirishwa kuja kukimbia kwenye barabara zetu. Mwaka 2011 Björn Waldegård alishinda kwa mojawapo ya 911 akiwa na miaka 68. Na kila mwaka kwenye uwanja wa farasi wa Ngong, mashindano ya urembo wa magari yaliyoanza 1970 huwavuta watu wanaokuja na miswaki kusugua matope chini ya chasi. Wapenzi wapo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa mwenye Datsun ya marehemu baba iliyofunikwa turubai. Kabla hajamwita mtu wa vyuma chakavu, afungue boneti, asugue kibati chenye namba ya chasi, ailinganishe na kitabu cha gari. Kama kitabu kimepotea, aanze kukitafuta sasa wakati bado wapo wazee wanaoweza kuthibitisha ni la nani. Fundi wangu amewahi kuacha 240Z yenye bodi nzima kabisa, gari aliloliota miaka yote, kwa sababu warithi watatu hawakukubaliana ni nani aweke saini.