Injini ya mvuke ya meli ya mfano

Injini ya mvuke ya meli ya mfano ni mashine ndogo inayotumia mvuke wa maji kuzungusha rafadha ya chombo kilichoundwa kwa kuigiza meli halisi. Baadhi ya mafundi hununua vipande vilivyokwisha kusubiwa kiwandani na kuvimalizia nyumbani. Wengine hutengeneza kila kipande wenyewe kutokana na vipande vya metali ghafi, yaani fito, bamba na mabomba. Makala hii inahusu njia hiyo ya pili.

Injini hiyo huonekana kama injini kubwa iliyopunguzwa, lakini haiwezi kutengenezwa kwa kugawa tu vipimo vya ile kubwa. Mvuke, joto na msuguano havipungui kwa uwiano uleule wa urefu. Kwa sababu hiyo kila sehemu hupangiwa vipimo vyake, na boila hushughulikiwa kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine zote.

Historia

Tofauti kati ya injini ndogo na kubwa ilichangia historia ya injini ya mvuke yenyewe. Mnamo 1763 James Watt, fundi wa vyombo vya kisayansi katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, alipewa kazi ya kutengeneza mfano mdogo wa injini ya Thomas Newcomen uliotumika kufundishia. Aliona kwamba mfano huo ulitumia mvuke mwingi mno kwa ukubwa wake. Uchunguzi wake ulimfikisha mwaka 1765 kwenye wazo la kupozea mvuke katika chombo cha pekee nje ya silinda, na mwaka 1769 alipata hataza ya uvumbuzi huo.

Kutengeneza injini ndogo kama burudani kulienea Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1898 Percival Marshall alianzisha jarida la Model Engineer kwa ajili ya mafundi na wapenzi wa mitambo. Baadaye kampuni ya Stuart Turner ya Henley-on-Thames ilijulikana kwa kuuza vipande vya kusubu vya injini ndogo.

Meli za mvuke zinazoigwa na mafundi hao zilisafiri pia katika maziwa ya Afrika Mashariki. Mojawapo ni Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen. Iliendeshwa kwa mvuke hadi ilipowekewa injini za dizeli katika miaka ya 1970.

Tatizo la kupunguza vipimo

Urefu wa kitu ukipunguzwa kwa nusu, eneo la uso wake hubaki robo, na ujazo wake hubaki sehemu moja ya nane. Hivyo silinda ndogo ina uso mkubwa zaidi ukilinganisha na mvuke uliomo ndani yake. Joto hupotea upesi, na sehemu ya mvuke hugeuka kuwa maji kabla ya kusukuma pistoni. Ndiyo maana silinda ndogo huvikwa kitambaa kizito au vijiti vya mbao ili kutunza joto, na injini huzungushwa kwa mkono kwanza ili kutoa maji yaliyomo.

Uimara nao una mpaka. Katika mfano wa kipimo cha 1:50, bolti ya meli yenye kipenyo cha milimita 20 ingekuwa na milimita 0.4 tu. Ingekatika mara tu ikikazwa. Kwa hiyo fundi hutumia bolti nene kuliko uwiano unavyotaka.

Sehemu za injini

Aina iliyo rahisi kwa anayeanza ni injini ya silinda inayoyumba. Haina vali ya pekee: silinda yenyewe huyumba kwenye pini, na tundu lililo ubavuni mwake hukutana kwa zamu na tundu la kuingiza mvuke na tundu la kuutoa, yaliyo kwenye fremu.

Silinda hukerezwa kwa bronzi au brasi. Tundu lake la ndani hutobolewa dogo kidogo, kisha husawazishwa hadi kipimo kamili. Pistoni hukerezwa mwisho ili ilingane na silinda iliyokwisha kumalizika. Nafasi kati yao ni sehemu chache za mia za milimita. Ikiwa kubwa mno, mvuke huvuja. Ikiwa ndogo mno, pistoni hukwama injini inapopata joto.

Krenki hubadili mwendo wa pistoni wa kwenda na kurudi kuwa mzunguko. Hutengenezwa kwa ufito wa chuma cha pua na sahani ya mviringo yenye pini. Pini hiyo lazima iwe sambamba kabisa na ufito, la sivyo silinda husukumwa upande.

Uso wa silinda na uso wa fremu husuguliwa juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo kinene mpaka viwe bapa, kisha hukazwa pamoja kwa springi.

Mahali pa matundu hupatikana kwa hesabu. Tuseme mwendo wa pistoni ni milimita 10, hivyo pini ya krenki iko milimita 5 kutoka katikati ya ufito. Pini ya silinda iko milimita 40 kutoka ufito huo, na tundu la silinda liko milimita 12 kutoka pini yake. Tundu hilo litayumba kila upande kwa:

12 × 5 ÷ 40 = milimita 1.5

Kwa hiyo matundu mawili ya fremu huwekwa milimita 3 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine. Kipenyo cha matundu yote hakipaswi kuzidi milimita 1.5. Kikizidi, mvuke utapita moja kwa moja kutoka tundu la kuingilia hadi la kutokea bila kufanya kazi.

Boila

Boila ndogo kwa kawaida huundwa kwa bomba la shaba lililozibwa kwa mabamba ya shaba kwenye ncha zote mbili. Udogo wake hudanganya. Katika boila yenye kipenyo cha milimita 75 na shinikizo (kanieneo) la nyutoni 0.3 kwa kila milimita ya mraba, kila bamba la ncha husukumwa kwa nguvu ya nyutoni 1,325 hivi, sawa na uzito wa kilo 135. Ndiyo maana mabamba hayo hufungwa pamoja kwa fito zinazopita ndani ya boila.

Maungio hulehemiwa kwa lehemu ya fedha, inayoyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 600 za selsiasi. Lehemu laini ya risasi na stani haifai: huyeyuka karibu na nyuzi 190, ilhali mvuke wa shinikizo lililotajwa huwa na nyuzi 144 hivi, na boila iliyokaukiwa maji hupanda joto haraka. Viungio vya boila hutengenezwa kwa bronzi, kwa kuwa maji ya moto huondoa zinki katika brasi polepole na kuiacha dhaifu.

Kila boila huhitaji vali ya usalama, geji ya shinikizo na njia ya kuonyesha kima cha maji.

Kupima na kuwasha

Boila mpya hupimwa kabla ya kuwashwa moto. Hujazwa maji baridi pasipo kubakiza hewa, kisha husukumwa kwa pampu hadi shinikizo maradufu ya lile la kazi. Maji hutumika kwa sababu hayabanwi kwa urahisi: kiungo kikiachia, maji huvuja tu, wakati hewa au mvuke ungepasuka kwa nguvu na kurusha vipande. Katika vyama vya mafundi wa mifano vya Uingereza, kazi hiyo hufanywa mbele ya mkaguzi, na boila hurudiwa kupimwa baada ya muda uliowekwa.

Boila ikifaulu, vali ya usalama hujaribiwa kwa mvuke ili kuhakikisha kwamba hufunguka kwa shinikizo lililopangwa na kutoa mvuke wote unaozidi. Hapo ndipo injini huunganishwa, hutiwa mafuta na kuendeshwa taratibu bila mzigo kabla ya kufungwa ndani ya chombo.