Bahari ya Lita 60

Nilinunua taa ile Luthuli Avenue, Jumamosi ya mwisho ya Mei 2023, mshahara ukiwa bado mzima mfukoni. Jamaa wa duka aliiwasha sekunde mbili tu, nikafumba macho. "Hii ni moto, boss," akasema. Nikalipa, nikaisukuma ndani ya begi, nikapanda matatu ya kurudi Uthiru nikijiona nimebeba kipande cha jua.

Siku ya nne, tumbawe langu likaanza kuwa jeupe.

Wacha nieleze. Kwa keja yangu, kati ya sofa na mlango wa jikoni, kuna tangi la kioo la lita 60. Ndani kuna maji ya chumvi, mawe, samaki wawili, na tumbawe moja la kahawia la ukubwa wa kiganja. Lile tumbawe nilipewa na mzee mmoja wa Loresho ambaye amefuga miamba nyumbani kwake tangu miaka ya 90. Alipoanza kupunguza vitu vyake alilikata kipande kutoka kwa kubwa, akanikabidhi kwa mfuko wa plastiki uliojaa maji, na akaniambia neno moja: "Polepole." Nilidhani anazungumzia matuta ya barabarani.

Tangi lilikuja na taa zake za zamani, tyubu nne za wati 24 kila moja. Taa yangu mpya, ya LED, ilikuwa ya wati 50. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nusu ya stima, mwanga mara mbili, tumbawe lifurahi. Nikaiwasha mia kwa mia.

Kosa langu lina historia ndefu, na historia hiyo inaanzia Pwani.

Neno lenyewe stima halikuzaliwa Nairobi. Katika Kiswahili cha zamani stima ilikuwa meli ya moshi, au mtambo wowote unaosukumwa na mvuke. Sisi wa bara ndio tuliolihamisha hadi kwa swichi ya ukutani. Na umeme wenyewe ulipita njia hiyo hiyo, kutoka baharini kuja bara. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga Beit al-Ajaib mwaka wa 1883, na jumba hilo likawa kati ya majengo ya kwanza Afrika Mashariki kuwa na taa za umeme. Historia inayosimuliwa na kampuni ya umeme ya Kenya ni kwamba mwaka wa 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua jenereta ya Sultani na kuihamishia kampuni ya umeme ya Mombasa. (Usimchanganye na A. M. Jeevanjee, yule wa bustani ya Jeevanjee hapa tao.) Mwaka huo huo, injinia Clement Hirtzel akapewa kibali cha kuuzia Nairobi umeme. Mwaka wa 1922 kampuni ya Mombasa na ya Nairobi zikaunganishwa.

Kuna kitu kidogo hapo ambacho vitabu hupita haraka. Beit al-Ajaib, kama nyumba nyingi za Mji Mkongwe, kama Fort Jesus kule Mombasa, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe. Kwa hiyo baadhi ya taa za kwanza kabisa za umeme kwenye ukanda huu ziliangaza kuta za matumbawe yaliyokufa zamani. Kuwasha taa juu ya tumbawe lililo hai, ndani ya nyumba, ni jambo lililochelewa sana.

Lilichelewa kwa sababu watu hawakujua tumbawe linakula nini.

Tumbawe ni mnyama. Mwili wake ni laini, hauna rangi kubwa, na umekaa juu ya mfupa mweupe wa chokaa ambao linajijengea lenyewe. Rangi ya kahawia unayoiona ni ya wapangaji: mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho, unaoishi ndani ya nyama yake. Mwani huo unashika mwanga, unatengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humlisha mwenye nyumba. Mwanga ukipungua sana, wote wawili wanalala njaa.

Mtu wa kwanza anayejulikana kuweka matumbawe hai nyumbani kwa muda mrefu hakulijua hilo, na bahati yake ni kwamba hakuhitaji kulijua. Anaitwa Anna Thynne. Mwaka wa 1846 alichukua matumbawe kutoka ufuo wa Torquay, kusini mwa Uingereza, akasafiri nayo hadi London ndani ya chombo cha maji ya bahari. Yale yalikuwa ya maji baridi, yasiyo na mwani ndani, kwa hiyo jua halikuwa shida. Shida ilikuwa hewa. Maji yaliyosimama hufa. Suluhisho lake lilikuwa mtu: kila siku mfanyakazi wake wa nyumbani alisimama karibu na dirisha lililofunguliwa, akayamimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine, nusu saa hadi dakika 45. Jina la Thynne tunalo. La mfanyakazi sikuliona popote.

Miaka saba baadaye, 1853, bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma, na Waingereza wakashikwa na wazimu wa matangi. Lakini matumbawe ya maji moto, ya aina ya Watamu na Kisite, yaliendelea kufa kwa kila aliyejaribu. Mmoja wa walioweza alikuwa mtu wa Jakarta, Lee Chin Eng, ambaye mwaka wa 1961 alieleza mbinu yake kwenye jarida la Marekani la wafuga samaki: mawe yaliyotoka baharini yakiwa bado na uhai, mapovu kidogo ya hewa, na jua. Hakuwa na mtambo wowote wa ajabu. Aliishi tu mahali ambapo jua ni la bure.

Wajerumani hawakuwa na jua hilo, hasa Desemba. Wao wakaanza kupandisha taa: kwanza tyubu, kisha taa za metali halaidi, ndugu za zile zinazomulika uwanja wa mpira usiku. Matumbawe yakaishi, hata yakakua. Lakini taa hizo zilitoa joto jingi, na bili nayo ikapanda.

Kilichokuja kubadilisha mambo ni rangi ya buluu. Maji ya bahari hunyonya mwanga mwekundu ndani ya mita chache za kwanza. Buluu ndiyo inayoshuka chini. Mwani wa ndani ya tumbawe umezoea kuishi kwa buluu hiyo. LED nyekundu ilikuwepo tangu 1962, lakini ya buluu yenye nguvu ilisumbua wanasayansi miaka 30. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano waliifanyia kazi huko Nagoya. Shuji Nakamura, mfanyakazi wa kampuni ya Nichia, alitoa ya kung'aa kweli mwaka wa 1993, na akalipwa bonasi ya yen 20,000, pesa ya kula mara chache na marafiki. Mwaka wa 2014 wote watatu walipewa Nobel ya fizikia. Bila buluu yao hakuna LED nyeupe, hakuna tochi ya simu yako, na mimi singekuwa na taa yangu, niliyoinunua kwenye barabara yenye jina la mshindi mwingine wa Nobel, Albert Luthuli.

Sasa turudi Uthiru, siku ya nne. Nilimpigia mzee simu.

"Shikamoo, Mzee. Tumbawe limeanza kupauka."

"Marahaba, mwanangu. Umewasha ngapi?"

"Mia kwa mia."

Akanyamaza kidogo. "Wewe ukitolewa besmenti uliyokaa mwaka mzima, ukatupwa Lodwar saa sita mchana bila kofia, utakuwaje?"

Alinieleza kwamba macho yangu yalinidanganya. Jicho la binadamu halioni buluu vizuri, kwa hiyo taa inaonekana ya kawaida wakati mwani unachomwa. Mwanga ukizidi, mwani hauwezi kuutumia wote. Unaanza kutoa kemikali zinazomdhuru mwenyeji wake. Tumbawe linapoona hivyo linawafukuza wapangaji. Kinachobaki ni nyama isiyo na rangi na mfupa mweupe chini yake. Bado halijafa, lakini limebaki bila wa kulilisha, na siku zinahesabika.

"Hivyo ndivyo bahari yote ilivyokuwa 1998," akasema.

Mimi 1998 nilikuwa mtoto, na El Niño ninayoikumbuka ni ya hadithi za mama: mvua isiyoisha, madaraja kusombwa, barabara ya Mombasa kukatika. Sikujua kwamba mvua ile ilikuwa na upande wa pili. Maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kuliko kawaida, na kati ya Machi na Mei 1998, joto hilo likichangana na jua kali, matumbawe yalipauka kutoka Lamu hadi Shimoni na kuendelea hadi Tanzania. Kwenye baadhi ya miamba ya Kenya zaidi ya nusu ya matumbawe yalikufa. Hata Malindi na Watamu, mbuga za bahari zilizotengwa tangu 1968, hazikupona; askari wa mbuga anaweza kuzuia nyavu, hawezi kuzuia maji ya moto. Mwaka uliofuata shirika la utafiti CORDIO lilianzishwa kwa sababu ya hasara ile, na mpaka leo ofisi yake ya Afrika Mashariki iko Mombasa.

Kisha ikaja zamu ya Nairobi. Baada ya El Niño ikaja La Niña, na mvua zikakosekana. Maji ya mabwawa ya Mto Tana yakapungua sana, na mwaka wa 2000 mji ukaingia kwenye mgao wa stima. Tunasimulia ile mvua na lile giza kama vitu viwili tofauti, kimoja cha barabara na kingine cha mshumaa. Ilikuwa ni hali ya hewa moja, iliyopausha mwamba upande mmoja na kuzima balbu upande mwingine. Ndani ya tangi la Loresho vilikutana. Mzee alikuwa na taa za metali halaidi na matumbawe kumi na moja. Alifunga pampu ndogo ya hewa kwa betri ya gari, akawa anaamka usiku kuiangalia. Mgao ulipoisha alikuwa na tumbawe moja, la kahawia.

"Hicho nilichokukatia," akasema, "kimetoka kwa hilo."

Sikuwa na la kujibu.

Siku hiyo nilishusha taa hadi asilimia 20, saa sita tu kwa siku. Kila wiki nikaongeza kidogo, asilimia tano, kama mtu anayepandisha dozi. Kosa la pili lilijitokeza Julai. Kumbe zile tyubu za zamani zilikuwa zinapasha maji joto bila mimi kujua. LED ilipokuja, na baridi ya Nairobi ikaingia, maji yakashuka hadi nyuzi 21. Nikarudi tao kununua hita. Pesa niliyodhani nitaokoa kwa stima ikaishia hapo.

Tumbawe lilikaa jeupe wiki saba. Katikati ya Agosti niliona doa la kahawia upande mmoja, dogo kama punje ya mtama.

Tarehe 25 mwezi huo, Ijumaa, mwendo wa saa nne kasoro robo usiku, stima zikapotea nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa JKIA uliingia giza. Kwa Mkenya si jambo la kushangaza. Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma pale Gitaru tukakaa gizani kwa masaa. Lakini safari hii nilisikia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia: pampu ya tangi ikinyamaza. Taa haikunitisha. Usiku matumbawe hayahitaji mwanga. Ni yale maji yaliyosimama.

Nikachukua jagi. Nikachota, nikamimina kutoka juu ili maji yavunjike na kubeba hewa, nikachota tena. Simu nimeiegemeza kwa ukuta, tochi yake ya buluu iliyovikwa njano ikimulika kioo. Dakika 40, pumziko, dakika 40 nyingine. Karibu saa tisa mkono ulikuwa umekufa ganzi, na nikamkumbuka yule mwanamke wa London asiye na jina, dirishani na vyombo vyake viwili. Hakuna aliyemwambia anafuga bahari. Aliambiwa amimine maji.

Aprili 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba dunia iko katika upaukaji mkubwa wa nne wa matumbawe. Bahari haina kitufe cha kushusha hadi asilimia 20.

Changu kinacho. Taa yangu sasa iko asilimia 45 na sijaipandisha tena. Tumbawe ni la kahawia lote, na limeota kidole kipya kuelekea mlango wa jikoni. Mzee amesema kikifika urefu wa kidole gumba nikikate, nimtafutie mtu wa kumpa.