Mashimo ya Wanafunzi wa Kiholanzi Kilifi

Anayetaka kuujua udongo wa Kilifi, pwani ya Kenya, atatafuta kitabu kilichopigwa chapa Wageningen, Uholanzi, mwaka 1987. Wahariri wake ni Boxem, de Meester na Smaling. Mashimo yaliyozaa kitabu hicho, hata hivyo, yalichimbwa huku huku Kilifi, na walioyachunguza ni pamoja na wanafunzi waliokuja kujifunza kazi.

Chuo Kikuu cha Kilimo cha Wageningen kilikuwa na mradi wa kuwafunza vijana wake elimu ya udongo nchini Kenya. Walianzia Kisii miaka ya 1970, na ripoti ya huko ikatoka 1982. Kisha wakateremka Kilifi. Wenyeji wao hawakuwa wageni kwao: idara ya upimaji udongo ya Kenya, iliyoanza Kabete mwaka 1972, ilijengwa kwa msaada wa Uholanzi, na miongoni mwa waliotia msingi alikuwa Wim Sombroek, mtaalamu aliyekwisha kujulikana kwa kazi yake ya Amazon.

Kwa mwanafunzi, Kilifi ni darasa zuri mno. Ukitoka ufuoni kuelekea bara, ardhi inabadilika kila baada ya mwendo mfupi. Kwanza kuna jiwe la matumbawe lenye udongo kiduchu juu yake, halafu mchanga mweupe, halafu vilima vya mchanga mwekundu wa Magarini, ule ule uliochongwa na mvua kule Marafa hadi watalii wakaja kuutazama. Mbele kuna udongo mzito wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kunata masika, kisha mawe ya mchanga ya Mazeras na Mariakani. Mnazi unakubali hapa, pale unakataa. Mkulima wa Kigiriama hakuhitaji ramani kujua hilo. Alilojua kwa shamba lake, mwanafunzi alitakiwa aliandike kwa eneo zima.

Kazi yenyewe ni ya jasho. Shimo linachimbwa hadi kifuani au zaidi, ubavu wake unaparuzwa kwa kisu mpaka matabaka yaonekane. Udongo unaloweshwa na kufikichwa vidoleni, rangi inalinganishwa na vibandiko vya kitabu cha Munsell, tone la asidi linatiwa kuona kama chokaa itatoa povu. Kisha hatua kadhaa chini ya mteremko, shimo jingine.

Na mbona mashimo yapangwe kutoka kilimani hadi bondeni? Hilo lina asili ya hapa hapa Afrika Mashariki. Miaka ya 1930, Geoffrey Milne, akifanya kazi Amani katika milima ya Usambara, alionyesha kwamba udongo wa kileleni, wa mteremkoni na wa bondeni ni ndugu wanaofuatana kwa utaratibu. Akauita mfuatano huo katena, na vyuo vya dunia nzima vinaufundisha hadi leo.

Miaka hiyo hiyo Waholanzi walipokuwa wakichimba, Magarini kulikuwa na mradi wa makazi uliofadhiliwa na Australia hadi 1989. Shida ya maji iliuandama, na mwaka 1991 Porter, Allen na Thompson wakatoa kitabu kizima juu ya jinsi ulivyokwenda mrama. Kuijua ardhi ni kazi ya polepole. Wafadhili wana haraka.

Smaling, yule mhariri wa kitabu cha Kilifi, aliendelea na swali la rutuba. Mwaka 1990, yeye na mtafiti mwenzake Stoorvogel walikadiria kwamba mashamba ya Afrika kusini mwa Sahara yalikuwa yakipoteza wastani wa kilo 22 za nitrojeni kwa hekta kila mwaka. Baadaye akawa mbunge kwao.

Kilifi nayo ilipata chuo chake. Taasisi ya kilimo iliyokuwa mjini ikageuzwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Pwani mwaka 2007, kikapewa hati ya chuo kikuu kamili 2013. Kilimo kinafundishwa hapo. Kijana wa Ganze au Kaloleni anaweza leo kuusoma udongo wa kwao bila kupanda ndege, na ramani ya kitabu kile cha 1987 angeisahihisha yeye, maana mashamba yameliwa na majumba na mikorosho imezeeka tangu ilipochorwa.