Kasongo: kutoka mchoro wa Dutton hadi muhuri wa picha za hospitali

Tarehe 27 Februari 1905, daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alifariki Kasongo. Shule ya Magonjwa ya Kitropiki ya Liverpool ilikuwa imemtuma kuchunguza malale katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili. Aliuawa na homa ya papasi, ugonjwa uleule aliokuwa akiuchunguza pamoja na mwenzake John Lancelot Todd.

Miaka 3 kabla ya hapo, Dutton alikuwa ameeleza kimelea cha malale alichokiona katika damu ya mgonjwa huko Gambia. Zama zile, mara nyingi kilichoonekana kwenye darubini kiliwafikia madaktari wa mbali kwa mchoro. Wao waliuamini mkono wa mchoraji, basi.

Leo picha ya hospitali ni namba tupu: kila nukta ina namba yake ya mwanga. Mgonjwa wa Kabambare akipigwa radio ya kifua, picha yaweza kufika Kindu au Bukavu kabla yeye hajavaa shati. Lakini namba hubadilishwa kirahisi. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, walitumia kompyuta kupachika saratani katika picha za mapafu, na kuifuta katika nyingine. Madaktari bingwa walidanganyika.

Kinga mojawapo ni kuficha muhuri ndani ya picha. Shida ni kwamba muhuri nao hugusa nukta, na daktari anataka picha kamili. Mwaka 2003 mtafiti Jun Tian alionyesha njia. Chukua nukta 2 jirani, 104 na 100: wastani 102, tofauti 4. Zidisha tofauti mara 2, ongeza tarakimu ya siri, tuseme 1: inakuwa 9. Nukta sasa ni 107 na 98. Mpokeaji akipiga hesabu kinyume, anapata ile 1, na nukta zinarudi 104 na 100 bila upungufu. Tarakimu zote za siri zikikusanywa ndizo muhuri. Usipolingana na picha, imeguswa.

Hata hivyo, picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya harusi, hubanwa, na muhuri huharibika. Afadhali itumwe kama faili. Na muhuri ukikataa, daktari asikisie: aombe picha upya kutoka kwenye mashine iliyoipiga, kabla mtu hajapewa dawa ya ugonjwa asio nao.