Enlaja ya nyumbani: pima negativu kwanza, mashine baadaye

Kabatini mwa nyanya yangu kulikuwa na bati la biskuti lililojaa negativu. Tulipolifungua, harufu ya siki ikatupiga puani. Harufu hiyo ni dalili kwamba plastiki ya filamu imeanza kuoza, na ikishaanza hairudi nyuma. Joto na unyevu wa pwani yetu huiharakisha. Picha za karatasi zilikuwa zimepotea katika kuhamahama, na ya babu akiwa kijana ilibaki moja tu, humo batini. Ndipo nilipoamua kutengeneza chumba cha giza nyumbani, hapa Shimanzi, na ndipo nilipokosea.

Nilinunua enlaja, yaani mashine ya kukuzia picha, kabla ya kupima negativu. Ilikuwa safi na bei yake ilivutia, ila ilikuwa ya filamu ya 35 mm peke yake. Negativu ya babu ilikuwa ya mraba, sentimita 6 kwa 6. Mashine ikakaa miezi saba ikila vumbi, huku siki ikiendelea na kazi yake. Nayaandika haya ili mwenzangu asipite njia hiyo.

Anza na bati, si duka

Toa negativu, zipige picha kwa simu juu ya kioo chenye mwanga ili uwe na akiba, kisha chukua rula. Enzi za studio kama ya N.V. Parekh hapa Mombasa, au Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza Unguja mwaka 1930, kamera nyingi zilitumia filamu kubwa kuliko 35 mm. Kipimo ndicho kinachochagua mashine na lenzi:

- 35 mm (milimita 24 kwa 36): lenzi ya 50 mm
- 6 kwa 6: lenzi ya 75 au 80 mm
- 6 kwa 9: lenzi ya 105 mm
- Inchi 4 kwa 5: lenzi ya 150 mm

Mashine kubwa hushika negativu ndogo. Ndogo haishiki kubwa. Kwa nyumba nyingi, ya 6 kwa 6 inatosha, mfano Durst M605 au Meopta Opemus 6. Ukiwa na za 6 kwa 9, tafuta kama Beseler 23C.

Tazama pia ukingo wa filamu. Ukiona neno SAFETY, ni salama kuitumia. Filamu ya zamani sana isiyo na neno hilo huenda ikawa ya naitreti, ambayo hushika moto upesi. Usiiweke karibu na taa ya enlaja, wala usiihifadhi ndani ya nyumba pamoja na nyingine.

Kukagua mashine iliyotumika

Enlaja nyingi utakazopata ni za mitumba. Kagua mambo matano.

Lenzi: imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Ukungu huonekana kama utando wa buibui, na ni ugonjwa wa kawaida wa pwani. Mwili wa mashine unaweza kuwa wa bei nafuu, lakini usibanie lenzi. El-Nikkor, Componon-S na Rodagon ni majina ya kuaminika.

Mvukuto: ukunjue wote uone kama una matundu. Tundu dogo huvujisha mwanga na kuharibu karatasi.

Nguzo: hewa ya chumvi hula chuma. Kichwa kipande na kushuka bila kukwama, na kikifungwa kisiteremke.

Unyoofu: weka pima maji juu ya ubao, halafu juu ya kibebeo cha negativu. Visipolingana, pembe moja ya picha itakuwa kali na nyingine imefifia.

Umeme: mashine kutoka Marekani hutumia volti 110 na zaidi kidogo, na stima yetu ni 240. Uliza kuhusu transfoma na balbu kabla ya kulipa.

Kuna mashine zinazokusanya mwanga kwa lenzi nene na zile zinazousambaza. Za kwanza hutoa picha kali, lakini huonyesha kila mkwaruzo. Kwa negativu zilizokaa batini miaka 50, mimi nachagua zile za pili.

Vifaa vingine

Unahitaji sinia tatu za plastiki, koleo zake, taa nyekundu, kipimajoto, saa ya kuhesabu sekunde, fremu ya kushikilia karatasi, kioo cha kuangalia ukali wa picha na pampu ndogo ya kupuliza vumbi. Sinia zinaweza kuwa za jikoni, mradi zisirudi jikoni.

Chukua karatasi yenye plastiki inayobadilishwa ukali kwa filta, za 00 hadi 5. Karatasi hii huoshwa kwa dakika chache tu, ilhali ile ya nyuzi hutaka karibu saa nzima ya maji, na mfereji wa Mombasa sote twaujua. Maji ya kisima yenye chumvi yanafaa kuoshea. Chumvi hata husaidia kuitoa fiksa, ila suuza ya mwisho iwe ya maji matamu. Dawa zenyewe zichanganye kwa maji matamu.

Joto, dawa na malori

Maelekezo ya dawa huandikwa kwa nyuzi 20. Chumbani kwangu ni 29. Kwa karatasi si balaa: picha hutokea haraka, kwa hiyo izimue dawa zaidi. Develapa ya Ilford Multigrade, kwa mfano, yaweza kuchanganywa sehemu 1 kwa 14 badala ya 1 kwa 9. Kuosha filamu ndiko kunakotaka barafu: weka chupa za dawa ndani ya beseni la maji baridi, usizidi nyuzi 24.

Dawa ya kusimamisha ya siki huwasha macho katika chumba kidogo. Tumia asidi ya ndimu ya unga, gramu 15 kwa lita. Fiksa iliyotumika ina fedha ndani yake, basi usiimwage karibu na kisima. Iweke kwenye dumu na utie sufi ya chuma. Fedha itagandia humo. Hata hivyo, maji yanayobaki usiyafikishe kisimani.

Tatizo la mwisho ni letu wa Shimanzi. Malori ya magudauni na ya matangi ya mafuta yakipita, nyumba hutetemeka, na enlaja pamoja nayo. Picha ikaja kama ina watu wawili. Niliifunga nguzo ukutani kwa chuma, nikaweka raba chini ya meza, na sasa nafanya kazi baada ya Isha malori yakipungua.

Picha ya babu ilitoka kwenye karatasi ya nne. Pembe ya kushoto ilikuwa imeshaliwa, lakini uso ulikuwa mzima. Nyanya aliishika, akauliza kwa nini hatukuitoa mapema. Kama una bati kama hilo, lifungue wiki hii, ulinuse, na uwe na rula mkononi.