Safu ya Lugha: Kuovateki

Kati ya Morogoro na Dodoma, barabara ni ya njia mbili na madereva wengi husema "kuovateki". Neno hili la kukopa linastahili nafasi yake: kupita kwaweza kuwa kusonga mbele tu, ilhali kuovateki ni kuhamia upande wa wenzako kisha kurudi salama.

Wanaouiga mwendo huo kwa kompyuta hupiga hesabu ya huko kurudi. Basi la kilomita 80 kwa saa linapolipita lori la 60, likihitaji kulizidi kwa mita 50, hutumia sekunde 9 na kukimbia mita 200. Gari linalokuja kwa kasi ileile ya basi nalo limekula mita 200.

Jumla mita 400! Penye kona au mlima hazionekani. Dereva, subiri.